Chai Yote Ndani ya Meli ya Habbo

Foolke Harms alikuwa amefanya kosa moja ambalo hakumwambia mtu ofisini, na kosa lenyewe lilikuwa linaelea mahali fulani katika Bahari ya Arabu, na chai yote ya msimu ikiwa tumboni mwake.

Kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuileta chai. Wengine pale kwa akina Ahlrichs waliionja, wakaichanganya, wakaitia kwenye pakiti za kijani zinazojulikana mji mzima wa Leer, huku kaskazini mwa Ujerumani. Yeye aliileta. Alikaa chumba cha nyuma kinachotazama mto, simu kushoto, kompyuta mbele, akizozana na mawakala wa meli wa Hamburg mpaka gunia la mwisho liingie ghalani. Na huku kwetu chai si jambo la mzaha. Ukimgonga mtu baiskeli yake atakusamehe kabla ya jioni, lakini ukimpa chai ambayo ladha yake si ile aliyokunywa kwa bibi yake, atakununia mpaka Pasaka, na mkikutana kanisani atakaa benchi jingine.

Sasa Assam, chai nzito ya India, ndiyo nguvu ya mchanganyiko wa akina Ahlrichs. Bila Assam yanabaki maji ya rangi. Ndiyo maana mzee Ahlrichs, kabla hajamwachia mwanawe Enno biashara, aliweka sharti moja: chai ya msimu isipande meli moja kamwe. Nusu huku, nusu kule. Foolke alilishika sharti hilo miaka yote, hata baada ya mzee kuzikwa. Mwaka huu akalivunja.

Alilivunja kwa sababu ya Habbo. Habbo Harms, mumewe, alikuwa mhandisi mkuu katika meli iitwayo Gesine, mali ya tajiri mmoja wa hapa hapa Leer, na Gesine ilikuwa inapakia Kolkata kwenda Bremerhaven. Foolke alipoiona kwenye ratiba, moyo ulimruka. Akipandisha chai yote humo, basi kuitazama ile nukta ya Gesine ikitambaa kwenye ramani ya kompyuta kungekuwa kazi, tena kazi ya kulipwa. Angeitazama asubuhi, angeitazama saa ya chai, angeitazama kabla ya kuzima taa, na hakuna ambaye angemuuliza.

Mtu wa kwingine angeshangaa kwa nini hakumwandikia tu mumewe kwamba amemkumbuka. Lakini watu wa huku hawasemi hivyo. Neno kama hilo linawatoka kwa shida kuliko jino. Mwanamke anakufungia mkate, anakupigia pasi shati, anakupakilia chai ya mwajiri wake yote kwenye meli yako, na wewe mwenyewe uelewe.

Tena mwaka huu ulikuwa mwaka wa fedha. Desemba walikuwa wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Walioana Desemba, katikati ya upepo na matope, kwa sababu ndiyo likizo aliyopewa Habbo. Tangu hapo bahari ilimnyima mambo yote ya nyumbani. Binti yao alizaliwa baba yuko Singapore. Mama yake Habbo alizikwa mwana yuko njiani kwenda Brazili. Alipoondoka safari hii alisimama mlangoni na begi lake, akakuna shingo, akasema, "Ya fedha nitakuwepo." Kwa Habbo hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Enno alipoletewa karatasi ya kusaini alikunja uso. Ni kijana wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye haraka, ambaye Foolke alimjua tangu akiwa anaiba sukari mawe kwenye mitungi ya dukani.

"Mbona yote meli moja?"

"Ratiba yake ndiyo nzuri."

"Baba alisema—"

"Baba yako alikuwa anatumia faksi, Enno."

Enno akacheka, akasaini. Gesine ikang'oa nanga Kolkata, na Foolke akaanza kuishi kwa kutazama nukta.

Haikupita muda, vita vya watu wengine vikamwagikia baharini. Meli zilizokuwa zinaelekea Bahari ya Shamu zikaanza kurushiwa makombora na ndege zisizo na rubani. Moja iliungua mbele ya kamera, na televisheni zikaionyesha mpaka watu wakaizoea. Kampuni kubwa zikageuza meli zao kwenda kuzunguka Afrika nzima, na bei ya kusafirisha kontena ikapaa. Gesine haikupita wala haikuzunguka. Tajiri wake aliiamuru isubiri nje ya pwani ya Omani mpaka hali ieleweke, na ile nukta ikaanza kuzunguka pale pale kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Foolke akampigia wakala wa Hamburg, bwana mmoja kijana aitwaye Lührs, mwenye sauti laini ya mtu ambaye hajawahi kusubiri kitu.

"Gesine inaondoka lini pale?"

"Tunafuatilia hali, Bi Harms."

"Jana ulinijibu hivyo hivyo."

"Na leo bado tunafuatilia."

"Mnafuatilia kwa macho au kwa miguu? Maana mimi nimekaa hapa Leer naiona inazunguka, wala sihitaji kuwa Hamburg."

"Pia kuna tozo ya ziada ya vita, Bi Harms. Nitakutumia kwa barua pepe."

"Vita si vyangu!"

"Wala si vyangu, mama," alisema Lührs, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilichoka.

Ghala likaanza kuonyesha sakafu. Maduka ya Emden, ya Aurich, ya visiwani, yote yalikuwa yanataka chai ya Desemba, maana huo ndio mwezi ambao mgeni akiingia birika haliondoki mezani. Enno ni mtu ambaye kitu kikimkwamia hukitupia pesa. Akaagiza magunia machache ya Assam kwa ndege, yashikilie soko wakati meli inasubiri. Foolke alimwambia ndege zote za mizigo kutoka kule zinapitia Ghuba, na Ghuba nako kunafuka moshi. Enno akasema anga ni pana.

Anga likafungwa siku ile ile magunia yaliposhushwa kwenye uwanja wa Ghuba kubadilishiwa ndege. Makombora yalikuwa yanapita juu, abiria wamelala sakafuni, na mizigo ikasukumwa ghalani ikaachwa. Foolke alipiga simu kila pembe. Aliambiwa chai ipo. Aliambiwa chai haipo. Aliambiwa apige nambari nyingine, akapiga, ikaita kwenye duka la mazulia. Akarudi nyumbani jioni hiyo kichwa kinamgonga, akamfokea paka.

Siku magunia yalipofika hatimaye, Enno aliyafungua mwenyewe. Walipanga vikombe vyeupe kwenye meza ya kuonjea, maji yakachemshwa, wakasubiri. Enno akavuta kwa kijiko, kwa ile sauti kubwa ya waonjaji, akazungusha mdomoni, kisha akatema kama aliyeng'atwa.

"Hii si chai," akasema. "Hii ni shangazi Meta anakwenda kanisani."

Foolke akaonja. Manukato matupu. Chai ni mmbea, inabeba harufu ya jirani yeyote, na kule ghalani iliwekwa ubavuni mwa makreti ya marashi mpaka ikalewa. Angekuwa si mtu wa chai angecheka. Enno alimwaga birika zima kwenye sinki, akasimama akitazama maji yanavyozama, mishipa ya shingo imemsimama.

"Imebaki Gesine," akasema. "Imebaki Gesine tu."

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Theda Poppinga, jirani wa ng'ambo ya barabara, mwanamke mnene mwenye kauli ya kijeshi, ndiye jirani wa kwanza, na jirani wa kwanza ndiye mwenye dhamana ya tao. Wanandoa wakifika miaka ya fedha, majirani huwafungia mlangoni tao la matawi ya msonobari na maua ya karatasi, nao wenye nyumba huwanywesha. Kwa majuma kadhaa majirani walikuwa wanakusanyika kwa Theda kukunja maua hayo meupe, na Foolke aliona taa zao, akasikia vicheko vyao, akajifanya haoni wala hasikii, maana ndivyo inavyotakiwa. Mwishowe uzalendo ukamshinda, akavuka barabara.

"Theda, tuliahirishe. Meli haijatoka hata Omani."

"Tao haliahirishwi."

"Bwana harusi hayupo!"

"Mlioana tarehe ile, Foolke, si tarehe ya meli. Wewe mlango unao?"

"Mlango ninao."

"Basi tutafunga tao. Habbo akija, akija. Asipokuja, pombe yake tutaigawana."

Foolke akarudi kwake akijua kabisa kwamba Theda hana nia mbaya, na jambo hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Akaketi jikoni, akafungua ramani kwenye simu. Nukta ilikuwa pale pale.

Siri ilitobolewa na gazeti la mji. Waliandika habari ya meli ya Leer iliyokwama vitani, wakaweka picha, wakataja na majina. Enno aliingia chumba cha nyuma na gazeti mkononi, akalilaza juu ya kibodi yake, akaweka kidole.

"Soma hapo."

Foolke hakuhitaji kusoma.

"Mhandisi mkuu, Habbo Harms, wa hapa hapa mjini," Enno akamsomea. "Ratiba nzuri, siyo?"

"Enno..."

"Sharti la Baba. Sharti moja tu alilotuachia! Ulichukua chai yangu yote ukaenda kumfanyia mumeo mto wa kulalia!"

Alikuwa na haki ya kufoka, naye Foolke alijua. Hakuomba radhi. Enno alizunguka chumba, akafungua dirisha, akalifunga, kisha akakaa juu ya meza, na hasira yake ikageuka kitu kibaya zaidi, tumaini.

"Nimeongea na mwenye meli," akasema kwa sauti ya chini. "Kuna msafara unaandaliwa. Meli kadhaa, na manowari za kuzisindikiza. Gesine inaweza kuingia humo, lakini kila baharia ana haki ya kukataa kwenda eneo la vita. Atakayekubali analipwa mara mbili. Nahodha amekubali. Karibu wote wamekubali. Wa mwisho anayesubiriwa ni mhandisi mkuu."

"Kama atakataa, walete mwingine."

"Kwa ndege ipi, Foolke? Anga limefungwa. Hawawezi kumpeleka mtu wala kumtoa mtu. Habbo akisema ndiyo, wanapita, chai inafika kabla ya Krismasi, na wewe unampata kwenye tao lako. Akisema hapana, wanazunguka Afrika. Mpigie."

"Sijawahi kumwambia Habbo afanye nini melini."

"Basi anza leo."

Na ukweli ni kwamba alitaka kupiga. Asingizie nini? Alimtaka mtu wake nyumbani. Alitaka kusimama naye mlangoni mara moja katika maisha yao, majirani wakiwatania, viatu vyake vikubwa vikichafua ukumbi. Alikuwa amechoka kuolewa na nukta. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya simu, na simu ikalia yenyewe.

Alikuwa Habbo, sauti yake ikifika na mkwaruzo wa setilaiti. Foolke akamtazama Enno amwelewe, atoke. Enno hakutoka.

"Moin," alisema Habbo.

"Moin."

"Upepo huko?"

"Upo. Huko?"

"Joto."

"Unakula?"

"Wali. Tena wali."

Nyuma ya sauti yake Foolke akasikia ile ngurumo ya injini ambayo mumewe aliishi ndani yake.

"Foolke," akasema Habbo. "Nahodha anafunga orodha kesho asubuhi. Kupita au kuzunguka. Wewe unasemaje?"

Damu ilimpanda kichwani. Miaka ishirini na mitano mwanamume huyu hakuwahi kumuuliza jambo. Nyumba aliinunua yeye, akamwambia baadaye. Jina la binti yao alilituma kwa telegramu kutoka Singapore, moja tu, bila la akiba. Leo, kwa hili, ndiyo anauliza!

"Mbona waniuliza mimi? Wewe ndiye uliye huko."

"Nauliza tu."

"Vijana wako wa chini wanasemaje?"

"Hawasemi. Wananitazama mimi."

Enno alikuwa amesimama. Hakutoa sauti, lakini midomo yake ilikuwa inasema pita, pita, na mkono wake unasukuma hewa kama anayesaidia gari lililozimika. Foolke akageuza kiti, akampa mgongo. Akautazama mto. Akaikumbuka ile meli iliyoungua kwenye televisheni, na jambo ambalo mtangazaji alilisema haraka haraka kabla ya habari za michezo: kwamba waliokufa wote walikuwa chumba cha injini. Wa juu waliruka majini. Wa chini, ambao kazi yao ni chini ya usawa wa maji, katikati ya mafuta na mabomba ya moto, hawakupata hata ngazi.

"Zunguka," akasema.

"Hutaniona kwenye tao."

"Nimesema zunguka, Habbo. Nirudie mara ngapi?"

"Basi."

"Basi."

Akaweka simu chini.

"Umenimaliza," Enno akasema, akatoka, na mlango aliufunga polepole. Foolke alikuwa anangoja aubamize. Alilia kidogo, kwa hasira zaidi ya huzuni, kisha akamwandikia Lührs kwamba mzigo utachelewa, kana kwamba Lührs hajui.

Sasa sikia kilichofuata, maana hapa ndipo kisirani kilipomshika kweli. Ule msafara ulipita. Ulipita salama salimini, bila hata rangi kukwaruzwa. Na katika meli mojawapo mlikuwa na chai ya mahasimu wao wa Emden, ikashushwa Bremerhaven mapema, ikachanganywa, ikaingia madukani. Wale wa Emden wakabandika tangazo kubwa kwenye kituo cha treni cha Leer, mbele ya macho ya kila mtu: Assam mpya imeshafika.

Mji mzima ukawa mtaalamu wa bahari. Foolke alikwenda kununua mikate, mwenye duka akamwambia, akikunja mfuko, "Kumbe njia ilikuwa wazi."

"Ilikuwa wazi siku hiyo."

"Basi siku hiyo ndiyo mngepita."

Kwa daktari wa meno walimuuliza. Kwenye kwaya walimuuliza, katikati ya mazoezi. Kuna aliyemwambia kwamba mume wake amezeeka, na mwingine, mzee mmoja aliyepiga mbizi zake zote katika beseni la kuogea, akamwambia kwamba mabaharia wa zamani walikuwa na moyo. Foolke alimjibu kwamba wa zamani wengi wako chini ya maji na mioyo yao. Mzee akaondoka zake, lakini Foolke hakupata raha. Angewaonyesha nini? Mtu ambaye hakufa hana cha kuonyesha. Angekuwa amepita na kombora likaja, wote wangesema, masikini, kwa nini hawakuzunguka. Kwa kuwa halikuja, amekuwa mwanamke mwoga aliyeiharibu chai ya Krismasi.

Enno hakumfukuza. Pengine angemfukuza, Foolke angepata nafuu. Alimpa kazi zote kwa maandishi, vikaratasi vya manjano vilivyobandikwa mlangoni, akiepuka kumtazama. Akatengeneza mchanganyiko wa dharura kwa chai aliyoiokota huku na huku, akaitia kwenye pakiti zile zile za kijani, na wateja wakaijua kwa kikombe cha kwanza. Kila aliyerudisha pakiti alielekezwa chumba cha nyuma. Bibi Okka, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi wa nusu ya mji, akaja kwa miguu kutoka Loga, pembezoni mwa mji, akaiweka pakiti mezani kwa Foolke.

"Hii umeionja mwenyewe?"

"Nimeionja."

"Na ukaiuza?"

"Meli inazunguka, Bibi Okka."

"Meli inazunguka, na mimi nina miaka themanini na minane. Nani atafika kwanza?"

Foolke alikuwa amechoka kujibu kwa niaba ya bahari. Na baya kuliko yote, hata yeye mwenyewe alianza kutia shaka. Alipokuwa anaosha vyombo vyake viwili, sahani moja na kikombe kimoja, alijikuta anajiuliza kama hakumnyima Habbo harusi yake ya fedha kwa sababu ya habari ya sekunde chache kwenye televisheni. Ramani ilimwonyesha Gesine ikiteremka pwani ya Afrika kwa mwendo wa kuudhi. Siku nyingine ilikuwa haisogei kabisa, akaigonga skrini kwa kidole.

Tarehe yao ikafika, na majirani wakaja na tao kabla giza halijaingia, katika upepo uliokuwa unawavua kofia. Waliligongomea kwa kelele kubwa, msonobari na maua meupe ya karatasi, na namba ya fedha juu yake. Kisha wakamleta Habbo. Walikuwa wamechukua ovaroli yake kuukuu, Theda aliiomba kwa uongo wiki nzima kabla, wakaijaza majani makavu, wakaivika kofia, wakaitia spana ya mbao mkononi, wakaiketisha kwenye kiti chini ya tao. Kiti cha pili wakamwekea Foolke.

"Keti na mumeo!" Theda akaamuru.

"Mna wazimu nyinyi."

"Keti! Leo hakubishii, hakoromi, na usoni amenyoa."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Foolke akaketi. Alicheka pia, maana usipocheka majirani wataona mengine, na majani ya ovaroli yalimchoma mkono. Vijiglasi vya pombe kali vikapita. Keki ya siagi ikapita. Enno akatokea nyuma ya umati, kola imepandishwa, akampa mkono, akasema hongera bila kuongeza neno. Alikubali kijiglasi kimoja, akasimama karibu na ua kama aliyetumwa na mtu mwingine.

Simu ikalia mfukoni mwa Foolke. Akainuka, akamwachia mume wa majani ulinzi wa mlango, akaingia jikoni, akafunga.

"Moin," alisema Habbo. Nyuma yake kitu kilikuwa kinagonga chuma, kikubwa, mara kwa mara.

"Moin. Kuna nini huko?"

"Mawimbi. Tuko kwenye Rasi ya Tumaini Jema. Wamefunga tao?"

"Wamefunga. Wewe umekaa nje kwenye kiti, umejaa majani makavu."

"Nimependeza?"

"Umenyamaza kama kawaida yako."

Akamsikia akicheka puani. Kisha akamsikia akivuta pumzi, akiiachia, akivuta tena, mpaka akadhani laini imekatika.

"Foolke, mimi nilikuwa nimeshasaini."

"Umesaini nini?"

"Kupita. Asubuhi ya siku niliyokupigia, ila karatasi nilikuwa sijampa nahodha. Niliwaza juu ya leo, nikasaini. Halafu nikashuka chini kwa vijana, nikashika spana, ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena. Mikono haikunisikiliza. Ndipo nikapanda kukupigia."

Foolke alishika ukingo wa sinki.

"Ulikuwa unataka nikukataze."

"Ndiyo."

"Na ningesema pita?"

"Ningepita."

Nje walikuwa wanaimba, vibaya. Alimwona kwa dirisha Enno, peke yake kando ya ua, akigeuza kijiglasi kitupu. Midomo ile iliyokuwa inasema pita, pita. Na yeye mkono wake uliokuwa tayari juu ya simu. Akaketi kwenye ndoo ya kuni.

"Habbo Harms! Ungeniacha niseme pita? Ungeniachia nibebe hilo maisha yangu yote?"

"Ndiyo."

"Mjinga wewe!"

"Ndiyo." Chuma kikagonga. "Niliogopa, Foolke."

Hakuwahi kumsikia akisema hivyo. Alikuwa na hasira naye kuliko alivyowahi kuwa, na angetoa nyumba, chai na mji mzima wa Leer amshike zile kola za ovaroli, ziwe na mtu ndani.

"Nahodha anasema bahari ikitulia ataongeza mwendo," Habbo akasema, upesi, kama anayelipa fidia. "Tutaokoa siku kadhaa. Mwambie Enno."

"Asiongeze."

"Nini?"

"Mwambie asiongeze mwendo. Njoo polepole, Habbo. Mimi nipo."

Theda akagonga dirisha, akainua chupa tupu na kutikisa kichwa. Foolke akampungia mkono kwamba anakuja, lakini simu hakuikata.